Mwezi Haukuwa na Kosa

Saa kumi na dakika ishirini alasiri niliingia ziwani na nguo zangu zote. Ninaiandika saa hiyo kwa uhakika kwa sababu saa yangu ya mkononi ilisimama hapo hapo. Maji ya Mweru yaliingia ndani yake, na fundi wa soko la Nchelenge, upande wa Zambia, hakuweza kuiamsha tena. Ilikuwa Machi ya mwaka wa tisini na saba, juma la kwanza tangu uvuvi ufunguliwe, na boti iliyombeba mume wangu ilikuwa imekwisha kusukumwa majini.

Maji yalinifika kifuani. Nilishika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Toka mu maji, Mama Chanda," mume wangu Chola aliniambia kwa sauti ya chini. "Batu banatuangalia."

"Baangalie! Baone mutu mwenye kukimbia bibi yake!"

"Nani anakimbia? Minaenda kazi. Mwezi ikiwaka nitarudia, sawa siku yote."

"Uongo. Leo unaenda kabisa."

Ufukoni mama mmoja mnunuzi wa samaki akapaza sauti: "Mama, kama unatafuta kazi ya kuvua, uvae kwanza kaputula!" Watu wakacheka. Kalaba, mwenye boti, akainama kunibandua vidole kimoja kimoja. Nikavuta. Boti ikalala upande, na karabai mbili zikaanguka, vioo vikavunjika.

Hasira ikaniisha yote kwa mara moja. Nikaanza kubusu mikono ya Chola, kumwomba Kalaba msamaha, kulia kwamba mimi ni takataka. Kati ya matusi na mabusu haikupita dakika moja. Nadhani hilo ndilo lililomtisha Kalaba kuliko taa zilizovunjika. Hakusema na mimi. Alisema na Chola.

"Bibi yako alilia mu boti siku ya kwanza. Weye ni mutoto wa hapa. Unajua."

Chola alijua. Kwenye ufuko wetu mke wa mvuvi hapigi kelele boti inapoondoka, wala hagombani na mtu mumewe akiwa kambini. Kelele za nyumbani, wanasema, hufika kambini kabla ya boti na kuwaonya samaki.

Jina langu ni Veronika. Nilizaliwa Pweto, upande wa Kongo, na mwaka ule nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Shule niliiacha darasa la sita. Mengine nimejifundisha mwenyewe: Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, na ushonaji kwa kufumua nguo za watu, kupima vipande, kisha kuzirudishia kama zilivyokuwa. Nina cherehani sokoni na nina binti mmoja, Chanda, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu wanawake wanaokuja kukaa karibu na cherehani yangu na kuuliza kwa sauti ndogo, "Weye ulipona namna gani?", wengi wametoka ng'ambo kama mimi. Sikupona kama mtu anavyopona malaria. Ila mabaya zaidi yamepita, na ninaweza kueleza njia niliyopita.

Kwanza nieleze ugonjwa wenyewe ulivyokuwa, maana nje ulionekana kama ukali tu. Ndani yangu hapakuwa na ngozi. Neno ambalo mtu mwingine angelisikia na kulisahau, mimi lilinichoma hadi kesho yake. Chola akichelewa kujibu salamu, nilijua kwamba hanipendi. Akinijibu kwa upole nusu saa baadaye, nilijua kwamba hakuna mwanamume kama yeye duniani. Nilikuwa nikijua hivyo, si kudhani tu. Na mambo hayo mawili niliweza kuyajua siku moja, kabla na baada ya chakula cha mchana. Rafiki niliyemwita dada mwezi huu, mwezi ujao nilikuwa nimemrudishia sahani zake kwa kuzitupa mlangoni. Kisha, kelele zikiisha, ulikuja utupu, kama nyumba iliyohamwa. Utupu huo ndio niliouogopa zaidi. Mara nyingine nilijiumiza mkono ili usiwepo. Sitaandika jinsi nilivyofanya, kwa sababu anayesoma anaweza kuwa katika saa yake mbaya.

Mimi ni mtu wa vipimo. Tangu Oktoba ya mwaka wa tisini na sita nilikuwa nimeanza kuandika siku mbaya nyuma ya daftari ninaloandikia vipimo vya wateja. Mbele ya daftari: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nyuma: tarehe, saa, nilichosema, nilichovunja. Baada ya siku ya taa zile nilikaa na daftari hilo na kalenda ya ukutani inayoonyesha mwezi. Nilichukua siku zote zenye alama na kuzinakili kwenye karatasi safi. Jibu lilikuwa wazi mno. Siku zangu zote mbaya ziliangukia siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, karatasi ilikuwa nyeupe.

Nilimwonyesha wifi yangu, Bana Mutale, yaani Mama Mutale kwa Kibemba, lugha ya huku; ni dada mkubwa wa Chola. Yeye hakuhitaji karatasi.

"Minasema toka zamani," alisema. "Hii ni ugonjwa ya mwezi. Mwezi ikikufa, na akili yako inakufa. Unaona? Hata daftari yako inanikubali."

Nilifurahi. Nani asingefurahi? Ugonjwa wenye tarehe ni ugonjwa wenye dawa. Walinipeleka kwa mganga mmoja upande wa Chienge, na kuanzia Aprili hadi Julai nilihesabu wakati kwa dawa zake. Siku ya kwanza ya giza, kunyolewa. Siku ya pili, mizizi ya kunywa hadi nitapike. Siku zote za giza nisishike chuma, maana yake sindano, mkasi na cherehani. Kwa hiyo kazi pekee iliyokuwa ikinituliza niliinyimwa katika siku zile zile nilizoihitaji. Nilikonda. Nilipunguza nguo zangu kiunoni sentimita nne mwezi wa Mei, na sentimita tano nyingine mwezi wa Juni, nikijishonea siku za mwezi mpevu kichwa kikiwa na upara. Chanda alinifungia kitambaa kila asubuhi kabla ya shule. Alikuwa akikifunga kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na sikumlaumu.

Dawa hazikusaidia. Katika miezi hiyo minne nilimfuata Chola kisiwani Kilwa, humu humu ziwani, mara tatu. Kambi yao iko huko, na boti ya abiria huondoka Nchelenge ikipata watu; nauli ilikuwa kwacha elfu tatu kwa mtu mmoja. Kila mara nilikwenda nikiwa na hakika kwamba nitakuta nyumba nyingine na mwanamke mwingine. Kila mara nilikuta wanaume sita wamekaa kwenye mchanga wanaanika dagaa. Mara ya tatu Kalaba aliniona nikishuka, akawaambia wenzake, "Mukaribishe kivuko. Kutoka leo tutamulipisha ushuru." Walicheka wote isipokuwa Chola. Yeye alisimama, akakunja mkeka wake, akanishika mkono tukapanda boti ya kurudi. Siku iliyofuata Kalaba alimletea vitu vyake vilivyobaki na kumwambia amepata mtu mwingine.

Chola alikaa nyumbani. Mungu anisamehe, nilikuwa na raha. Mwezi uliingia gizani na mimi nikawa mzima, nikawa naimba. Nilisema moyoni kwamba dawa za Chienge zimefanya kazi mwishowe. Chola alikuwa akienda ufukoni kuwaangalia wenzake wakiondoka, kisha anarudi na kukaa chini ya paa bila kuvua viatu.

Siku moja ya Agosti, baada ya saa sita mchana, nilikuwa napita nyuma ya jiko la Bana Mutale nikasikia sauti yake.

"Umurudishe Pweto, Chola. Kwabo bamuangalie. Chanda atabakia na miye."

"Kule hakujatulia, yaya," Chola akamjibu dada yake. "Vita haiyaisha muzuri."

"Na hapa kumetulia? Hauna kazi. Hauna boti. Utakula nini, machozi ya Veronika?"

Nilingoja Chola aseme hapana. Alisema, "Nitafikiri."

Yaliyofuata sikumbuki kwa mpangilio, na hilo si kawaida yangu. Chanda ndiye aliyenikuta, kabla sijafa kwa mkono wangu mwenyewe. Alitoka shule mapema siku hiyo kwa sababu mwalimu alikuwa na msiba. Hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya niwe hapa nikiandika, na kila ninapoifikiria inanibidi nisimame nitembee kidogo.

Nililazwa siku kumi na moja. Kisha nikaanza maisha ya benchi. Benchi la hospitali lilikuwa refu, la mbao, na katikati palikuwa pameliwa na nguo za watu hadi pakawa laini. Nilijua wapi pa kukaa ili jua la saa nne lisinifikie. Nilijua kadi zikiwekwa sandukuni, iliyotangulia hulala chini, kwa hiyo muuguzi asipoligeuza rundo, wa kwanza huwa wa mwisho. Nilimwambia. Alinitazama, akaligeuza rundo, na tangu siku hiyo alinisalimu kwa jina. Vidonge nilivyopewa viliniletea ulimi mzito na uso wa mviringo. Nilifumua zile sentimita tisa nilizokuwa nimepunguza, na bado nguo zilinibana. Mikono ilitetemeka hata sikuweza kutia uzi kwenye sindano. Chanda alikuwa akinitilia sindano kumi asubuhi, za rangi mbalimbali, na kuzichomeka kwenye mto mdogo. Alipoondoka nilikuwa na uzi wa kutosha hadi jioni. Hatukuzungumza juu ya siku ile ya Agosti. Sindano kumi ndizo zilikuwa mazungumzo yetu.

Mtaalamu wa magonjwa ya akili alikuwa akija kutoka Mansa mara moja kwa mwezi. Nitamwita Bwana Tembo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti lililokatwa vibaya mabegani, na Kibemba chake kilikuwa cha mtu aliyejifunza ukubwani kama changu, kwa hiyo tulisikilizana vizuri. Mara ya kwanza aliniona kwa dakika tano tu. Mara ya pili, Oktoba, nilikwenda na daftari na ile karatasi safi. Nilitaka anithibitishie mwezi.

Aliisoma karatasi yote. Kisha akalichukua daftari lenyewe na kulifungua kwa nyuma, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, hii ni kazi nzuri," alisema. "Wengi huja hapa hawajui hata waliugua lini. Lakini nionyeshe Desemba."

"Desemba sikuugua."

"Januari?"

"Sikuugua."

"Februari?"

"Hapana, bwana."

"Basi mwezi ulikuwa likizo?"

Mama aliyekuwa akingoja mlangoni alicheka kwa pua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimenakili siku mbaya tu. Kurasa tupu nilikuwa nimeziruka, kwa sababu hazikuwa na kitu cha kunakili. Ni kosa ambalo fundi hafanyi kwenye kitambaa: kupima mahali palipochanika na kusahau kupima mahali palipo pazima.

"Kuna nini Desemba hadi Februari?" aliniuliza.

Mtoto yeyote wa Nchelenge analijua jibu. Uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Wanaume wako nyumbani. Mwezi unakufa na kuwaka kama kawaida, lakini hakuna boti inayoondoka.

Na hapo nikaona yote. Chisense, dagaa wetu, huvuliwa usiku wa giza tu kwa mwanga wa karabai. Mwezi ukiwaka, taa hazivuti kitu, na wavuvi hurudi nyumbani. Chola akiwa kambini, ni giza. Chola akiwa nyumbani, ni mbalamwezi. Nilikuwa nimepima mwaka mzima kwa uangalifu mkubwa, nikaona vitu viwili vinavyokwenda pamoja, nikamshika asiyehusika. Mahali pengine, ambapo wanaume hawaondoki kwa kufuata mwezi, kosa hilo lisingewezekana. Hapa ufuko mzima ulikuwa ukinisaidia kulifanya. Na zile siku za giza za Agosti nilizokuwa naimba, hazikuwa kazi ya mizizi ya Chienge.

"Unaugua mtu akiondoka," alisema Bwana Tembo. "Nani aliondoka kwanza?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hapa Nchelenge. Nilikuwa na miaka sita. Mama yangu alinikalisha kwenye gunia la chumvi ufukoni Pweto, karibu na shangazi, akasema, "Kaa hapa, mama. Nitakuletea mukate." Akapanda boti. Nilimwona akifungua mwavuli. Shangazi alinilea vizuri, sikulala njaa. Lakini mkate haukuja, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini.

Bwana Tembo alinisomea jina la ugonjwa kwa Kiingereza kutoka kwenye kitabu. Alijaribu kulitafutia Kibemba akashindwa. Mimi niliandika kwa Kiswahili changu mwenyewe: ugonjwa wa nafsi ambayo hisia zake hazitulii. Akaniambia mambo matatu ambayo nimeyatunza. Kwamba si kichaa, na si laana. Kwamba vidonge vitanipa usingizi lakini havitanifundisha kungoja. Hilo nitajifunza kama nilivyojifunza kushona. Na kwamba wengi wenye ugonjwa huu hupungukiwa na ukali wake kadiri miaka inavyokwenda, wakibaki hai. Alirudia hayo maneno ya mwisho: wakibaki hai.

Nilirudi nyumbani na kuwaeleza wote watatu, Chola, Chanda na Bana Mutale. Nilidhani watafurahi.

"Kumbe haiko mwezi," alisema Bana Mutale. "Haiko mizimu. Haiko kichaa. Basi, hiyo njo tabia mubaya tu, Veronika! Wote tuliachwa na mutu. Miye bwana yangu alikufa, niliruka mu maji?"

Ni swali la haki, na watu wanaougua hivi wataulizwa. Zamani ningemtupia kitu. Siku hiyo nilishika ukingo wa kiti na kumjibu polepole: "Yaya, mutu mwenye hana ngozi, ukimugusa na kidole analia. Kidole haina kosa. Na yeye hana kosa. Lakini mi njo nitatafuta ngozi, haiko weye."

Akasema, "Maneno unayo mingi," akaenda kukoroga ubwali, ugali wa huku. Lakini alinipakulia kwanza, kabla ya Chola, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Chola ndiye aliyeniumiza, na alikuwa sahihi. Baada ya chakula alisema, "Minachoka, Mama Chanda. Wakati nilikuwa na kazi, kuna siku nilikuwa huku na mwezi inawaka, na moyo yangu inasema: ikufe upesi, nirudie kambi, nipumuzike."

Nilitoka nje. Nilizunguka nyumba mara nyingi; sikuhesabu. Niliporudi alikuwa bado amekaa pale pale, na nilimshukuru kwa kunieleza. Shukrani hiyo ilikuwa nusu uongo wakati ule. Sasa ni kweli yote.

Tulitumia miezi ya kufungwa kwa uvuvi kujifunza. Bwana Tembo alisema Chola asiniahidi tena kwamba hataniacha, maana hakuna mtu anayeweza kuahidi hivyo, na moyo wangu ulikuwa unajua. Aniambie tu siku ya kurudi na sababu zinazoweza kumchelewesha. Mimi nilitakiwa jambo moja: saa mbaya ikija, nisiamue kitu chochote kwa muda wa saa nzima. Ninaweza kulia, kunawa uso kwa maji baridi, kutembea, kushona mshono ulionyooka kwenye kitambaa kibovu na kuufumua. Kuamua, hapana. Chola alininunulia saa nyingine kwa ajili hiyo. Nilijizoeza kwa mambo madogo. Chanda akichelewa sokoni, saa moja. Jirani asiponisalimu, saa moja. Nilishindwa mara nyingi. Mara moja nilishindwa baada ya dakika nne, na Chanda akakaa kwa shangazi yake juma zima. Nililiandika hilo pia, na sasa niliandika hata siku zilizokuwa nzima.

Februari ilipokuwa inaisha, Kalaba alikuja mwenyewe. Hakuketi. Alileta wavu wa dagaa uliochanika vibaya, akautupa karibu na cherehani.

"Balisema unashona muzuri."

"Nashona."

"Chola arudi kazi. Yule mwingine ni muvivu. Lakini sikiliza, Mama Chanda. Ukikanyaga tena mu boti ya kuja Kilwa, mara moya tu, bwana yako inaisha na miye, na bamwenye boti bote ba hapa nitabaambia. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, mukwai," nilimjibu kwa Kibemba cha heshima.

Nilielewa kilichokuwa mezani. Bila boti Chola hana kazi kwenye ufuko huu, na bila kazi Bana Mutale angekuwa amesema kweli, nami ningerudishwa Pweto na kumwacha binti yangu kama nilivyoachwa. Nauli ya kuniharibia yote hayo ilikuwa kwacha elfu tatu.

Machi nilibaki nyumbani. Aprili pia, na Mei, na kuendelea. Sitasema ilikuwa rahisi. Juni nilitembea hadi ufukoni mara mbili na kurudi. Julai nilijiumiza mkono tena, kidogo, na nikaenda kwenye benchi kuwaambia badala ya kuficha. Muuguzi yule wa kadi alinifunga bandeji na kuniuliza kama ninaweza kumshonea sare.

Kisha Septemba. Chola alisema, "Jumatatu. Kama upepo ni mubaya, Jumanne." Mwezi uliwaka. Jumatatu boti nyingine zilirudi, ya Kalaba haikuonekana. Jumanne haikuonekana. Jumatano alasiri niliiacha nguo chini ya sindano ya cherehani na kwenda ufukoni, na sikumuaga mtu.

Boti ya abiria ilikuwa inajaza. Mwenye boti hiyo, mwanamume wa makamo mwenye maneno, alinikumbuka vizuri.

"Mama Chanda! Nilifikiri ulihamia boti ingine. Nafasi iko moya. Yako."

"Umeona boti ya Kalaba?"

"Jana niliiona kule, imelala mu muchanga. Bwana yako alikuwa anacheka na batu."

Anacheka. Neno hilo liliingia kama lilivyokuwa likiingia zamani. Kifua kilijaa. Nilimwona akicheka, nikamwona anayemchekesha, nikaiona nguo aliyovaa na jinsi ilivyokatwa. Nilikuwa ninajua. Mkono wangu ulikwisha kuingia kwenye kitambaa cha kiunoni na kutoa pesa.

Nikaitazama saa. Saa kumi na dakika tano.

"Ngoja," nilimwambia.

"Boti haingojake, mama."

"Basi wende."

Hakwenda, alikuwa bado anatafuta abiria. Nilikaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, pesa mkononi. Dakika ya kumi nilisimama. Nikakaa. Nilivua viatu nikaweka miguu ndani ya maji baridi. Nilijaribu kukumbuka vipimo vya watu wote niliokuwa nawashonea juma hilo: kifua, kiuno, mkono. Muuguzi: tisini na nane, themanini na mbili, hamsini na sita. Kwenye dakika ya ishirini na tano yule mwenye boti aliita mara ya mwisho.

"Mama! Kesho nitapandisha bei!"

Injini iliwaka. Niliitazama boti ikiondoka na nafasi moja tupu, na mwili wangu wote ukataka kuingia majini. Nilikuwa na miaka sita, nikaona mwavuli ukifunguka. Nililia kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akiosha sufuria aliacha kuosha, akaja akakaa karibu nami bila kuuliza kitu. Hatukufahamiana. Alikuwa na mikono yenye majivu. Alikaa hadi nikaacha.

Saa kumi na moja na dakika tano saa yangu ilikuwa imetimia. Sikuwa na raha. Bado niliamini nusu kwamba Chola hatarudi. Lakini nusu nyingine ilikuwa ipo, na zamani haikuwapo kabisa. Nilitia miguu iliyolowa kwenye viatu, nikapanda njia ya nyumbani. Chanda alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa changu cha kichwa mkononi, kama mtu aliyekuwa anajiandaa kutoka kunitafuta.

"Ulienda wapi, mama?"

"Ufukoni."

Aliangalia nguo zangu, chini hadi juu. Ni viatu tu vilivyolowa.

Chola alirudi Alhamisi na boti ya Kalaba. Upepo ulikuwa umewazuia, na injini. Lakini hata asingerudi siku hiyo, ningeandika haya haya, kwa sababu ninayotaka mtu ayajue yalikwisha kutokea Jumatano, pale mlangoni, Chanda aliponishika mkono akakuta umefungwa ngumi na kuufungua kidole kimoja kimoja. Noti zilikuwa zimelowa jasho na kukunjamana, lakini zote zilikuwamo: kwacha elfu tatu.